Waraka kwa Wafugaji wa Samaki wa Niania: Juu ya Kitambaa Chekundu Ambacho Hakikupandishwa

Ndugu zangu na dada zangu, wafugaji wenzangu wa Niania, nanyi mlio kando ya barabara ya Isiro, ya Bafwasende na ya Epulu, nawaandikia nyote: wazee kwa vijana, akina mama ambao ndio wengi juu ya matuta yetu kila asubuhi, na ndugu waliofika kwetu wakikimbia vita, tukawakatia kipande cha bonde ili nao wachimbe. Nimekawia kuandika waraka huu kwa sababu moyo wangu ulikuwa umechafuka, na mtu aliyechafukwa moyo huandika maneno ambayo kesho yake hujuta kuyaandika. Nimengoja hadi nikaweza kusema nanyi kama mtu anavyosema na watu wa nyumba yake wakati wa chakula cha jioni. Huzuni bado ninayo, lakini hasira imekwisha.

Habari yenyewe mnaijua. Imezunguka soko lote, ingawa nikipita watu huinyamazia. Msimu huu samaki walianza kufa katika bwawa moja lililo juu ya bonde letu. Siku ya kwanza walikufa wawili, kesho yake watano, kesho kutwa wakajaa nusu ya kitunga. Walikuwa na vidonda ubavuni, macho yametokeza, wengine wakizunguka juu ya maji kama waliolewa, dalili ambazo kwa tilapia huweza kuonyesha kwamba bakteria wameingia katika damu. Mwenye bwawa aliona. Jirani yake aliona. Kitambaa chekundu hakikupandishwa. Badala yake alevini, yaani samaki wachanga wa mbegu, wa bwawa lile waliuzwa kwa bei ya chini kwa wenzetu watatu, nao wakafurahi kwamba wamepata mbegu rahisi. Wavu wetu wa pamoja ulitoka pale ukapelekwa kwingine ukingali umelowa. Na usiku mmoja mlango wa maji ulifunguliwa, maji yote yakaachiwa kuteremka kijitoni. Leo mabwawa manne yananuka. Sitataja jina la mtu, na naomba ninyi pia msilitaje, kwa kuwa sikuandika ili mtu afukuzwe.

Kwa ajili ya waliojiunga nasi karibuni, nieleze kitambaa hicho ni nini. Tulipokaa pamoja mara ya kwanza na kukubaliana kanuni zetu, tulisema hivi: mtu akiona samaki wake wanakufa siku mbili mfululizo bila sababu anayoijua, atasimamisha kijiti juu ya tuta na kufunga kitambaa chekundu. Tangu hapo hakuna atakayeazima wavu kwake, hakuna atakayenunua alevini kwake, wala yeye hatafungua maji kabla ya kamati kufika. Hatukuhitaji karatasi wala muhuri wa mtu yeyote. Tulihitaji kitambaa cha bei ya sabuni moja na mtu mwenye ujasiri wa kukifunga. Kila mmoja wetu aliitikia. Nakumbuka vizuri, kwa sababu wazee wawili walisema siku ile kwamba kanuni hii ni nyepesi sana, na mimi nikawajibu kwamba kanuni nyepesi ndiyo ifuatwayo. Nilikosea kuhusu wepesi wake.

Nawaomba tukumbuke tulikotoka. Mabwawa haya, etan kama tunavyozoea kuyaita, hayakuanza na sisi. Babu zetu walichimbishwa na serikali ya Wabelgiji, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Kongo nzima ilikuwa na mabwawa ya kijiji zaidi ya 100,000. Mengi yalichimbwa kwa amri ya mkubwa, na kitu kilichochimbwa kwa amri huachwa siku amri inapoondoka. Uhuru ulipokuja, kisha vita vya miaka ya 1960, matuta yalibomoka na mianzi ikaota ndani yake. Sisi tulipochimba upya, hatukuamriwa na mtu. Tulichimba kwa salongo ya hiari: wiki hii kwa fulani, wiki ijayo kwa mwenzake, mama huyu akileta sombe na ndizi, kijana yule akileta chepeo ya kuazima. Tulikuwa na wavu mmoja kwa watu wote. Bwawa la kwanza lililofanikiwa ndilo lililotoa alevini kwa la pili, la pili likatoa kwa la tatu, bila franka hata moja, kwa ahadi tu ya kurudisha ndoo kwa ndoo. Nani kati yetu anaweza kusema samaki wake hawakutokana na samaki wa jirani? Sisi ni ukoo mmoja kwa maji na kwa mbegu. Ndiyo maana jambo hili limeniuma kuliko hasara yenyewe. Aliyefanya hivi hakuuzia wageni ugonjwa. Aliwauzia watu waliomchimbia.

Sasa tusemezane taratibu juu ya ugonjwa wenyewe, kwa maana nimesikia wengine wakinong'ona kwamba ni uchawi, na wengine kwamba mtu alimwaga sumu. Samaki wanaweza kufa kwa njia mbili zinazofanana kwa macho ya haraka. Ya kwanza ni kukosa hewa. Ukitupa samadi na majani mengi mno, au mbingu ikifunga mawingu siku kadhaa, hewa iliyo majini huisha usiku, na alfajiri utakuta samaki wamepanda juu wakipiga midomo. Wakubwa hufa kwanza, na wote hufa kwa usiku mmoja au miwili. Ukiingiza maji mapya, waliobaki wanapona siku ileile. Huo si ugonjwa, na aliyepatwa nao hana la kuficha. Njia ya pili ni ya polepole: wachache leo, zaidi kidogo kesho, wakiacha kula, wakienda peke yao kwenye kona, na miilini mwao mna vidonda, au nyuzi nyeupe kama pamba, au mashavu yaliyopauka. Maji mapya hayawaponyi. Hapo ujue kwamba kuna kiumbe kisichoonekana kinachohama kutoka samaki hadi samaki, na kila kinachogusa maji yale kinakibeba: wavu, ndoo, miguu yetu, bata, na alevini anayeonekana mzima machoni pa mnunuzi.

Wadudu hawa wa ugonjwa wengi wao wamo majini siku zote. Samaki mwenye nafasi, anayekula vizuri na kupumua vizuri, huwashinda. Bwawa likijazwa samaki kupita kiasi, likapokea tope la machimbo, likaachwa miaka mitatu bila kukaushwa, samaki hudhoofika na mdudu aliyekuwa mnyonge anakuwa mfalme. Kwa hiyo ugonjwa ukianza kwa mtu si lazima awe mzembe au mwovu. Unaweza kumwanzia yeyote. Mwanzo wake mara nyingi hauna mwenye kosa, lakini kuenea kwake kuna mwenyewe, naye ni mtu aliyejua akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, nasi tumekishuhudia kifo hicho katika mabwawa manne.

Walio na mvi wakumbuke kahawa. Barabara hii ya kwenda Isiro ilikuwa nchi ya kahawa robusta, na watoto wengi wa hapa walisomeshwa kwa magunia yake. Kisha ukaja mnyauko, ule waliouita tracheomycose. Mti unaanza kunyauka upande mmoja, majani yanakunjamana na kudondoka, na baada ya miezi michache umesimama mkavu na matunda yake meusi juu yake. Ni kuvu anayekaa ndani ya mishipa ya mti. Katika miaka ya 1980 alikuwa ameshakula mashamba ya upande wa Isiro, na mwaka 1993 alionekana Uganda, ambako aliharibu robusta za wakulima wengi mno. Aliwezaje kusafiri hivyo? Upepo na mvua vilisaidia, lakini panga letu lilisaidia zaidi, lililotoka kwenye mti mgonjwa likaenda kwenye mti mzima bila kupitishwa motoni. Miche iliyochukuliwa chini ya mti uliokwisha kuambukizwa ilisaidia. Kuni za miti iliyokufa, zilizoburutwa kupita katikati ya shamba la jirani, zilisaidia. Na ilisaidia ile aibu ya mkulima aliyeng'oa mti mgonjwa usiku ili asionekane. Mpaka leo ukipita vijiji vile utaona sakafu za kukaushia kahawa, saruji iliyopasuka, na mbuzi wamelala juu yake. Nikiliangalia bonde letu naogopa kwamba wajukuu watapita hapo na kuuliza haya mashimo yalikuwa ya nini.

Nawapeni na mfano wa mbali, wa ndugu wafugaji wa kosakosa, wale kambamiti wa bahari wanaofugwa katika mabwawa makubwa ya pwani. Sisi hatufugi kosakosa. Huwaona tu ndugu zao wa vijitoni, kwenye vitunga vya mama zetu wanapovua kiangazi. Lakini wafugaji wale wametutangulia katika mateso, na mateso ya aliyetangulia ni elimu ya bure. Mwaka 1992 huko Asia ya Mashariki kulianza ugonjwa wa madoa meupe. Ni virusi. Gamba la kosakosa linapata madoa kama chokaa, hali chakula, na bwawa zima laweza kufa ndani ya siku 3 hadi 10. Dawa hakuna hata leo. Virusi hivyo vilipita nchi moja baada ya nyingine za Asia kwa kubebwa ndani ya mbegu, vikafika Ekwado mwaka 1999 na kuangusha kazi iliyowalisha watu wengi. Mwambao wetu wa Afrika ulidhani uko salama kwa kuwa uko mbali. Mwaka 2011 vilionekana Msumbiji, upande wa Quelimane, na mwaka uliofuata vikawa Madagaska. Watafiti walipovichunguza walikuta kwamba vile vya Msumbiji, vya Madagaska na vya Saudia ni vya ukoo mmoja. Bahari nzima iko katikati ya nchi hizo, lakini haikuzuia kitu.

Na kabla wafugaji wa Asia hawajapumua, ulikuwa umewajia ugonjwa mwingine. Mwaka 2009 huko China kosakosa walianza kufa wakiwa wachanga, ndani ya siku 30 hivi tangu kuwekwa bwawani. Ukafika Vietnam, ukafika Thailand mwaka 2012, ukavuka hadi Mexico mwaka 2013. Kwa miaka kadhaa watu walilaumu dawa za mashamba, walilaumu chakula, walilaumiana wao kwa wao, na wakati wanalaumiana mbegu iliendelea kuuzwa. Ni mwaka 2013 tu ndipo kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona lilipoonyesha kwamba ni bakteria wa kawaida wa maji ya chumvi, aliyepata sumu inayoharibu kiungo cha kumeng'enyea chakula cha kosakosa. Niliposoma habari hii niliwaza bonde letu. Wale wana maabara, wana umeme, wana barabara za lami, na bado ugonjwa uliwashinda mwendo kwa miaka mitatu minne. Sisi ambao sampuli ya samaki ikitoka hapa inaoza kabla haijafika Bunia tuna maabara moja tu, nayo ni mdomo wa jirani anayesema kweli.

Wala si bahari peke yake. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba virusi vya tilapia, vilivyotambuliwa kwanza Israeli, vimepatikana katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Najua kuna miongoni mwetu wanaopanga kuchanga pesa na kuleta mbegu kutoka Uganda kwa sababu inakua haraka. Siwakatazi kutaka mbegu nzuri. Nawasihi tu msiimwage bwawani siku inapofika na pikipiki. Iwekwe katika kibwawa cha pembeni, kisichomwaga maji kwa mwingine, kwa wiki tatu, na wote tuione.

Dada zangu na ndugu zangu, kuna jambo ambalo nasitasita kuligusa, kwa maana wengine kati yenu mlizika watu wenu. Lakini lazima niliseme. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini na hapa kwetu Ituri. Mandima na Mambasa vilijua machozi yake. Watu 2,287 walikufa. Sisi wa teritwari hii tulijifunza kwa gharama ya damu kwamba mgonjwa aliyefichwa chumbani kwa upendo aliua wale waliompenda. Tulijifunza kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuingia sokoni, kupimwa joto kando ya barabara, kutoa majina ya watu tuliogusana nao. Wengi walikataa mwanzoni, na walikuwa na sababu, kwa kuwa walioleta amri hawakuwa watu wa hapa na hawakueleza vizuri. Ila mwisho wake ugonjwa ulikoma pale familia zilipokubali kusema. Samaki si mtu, naomba nisieleweke vibaya. Lakini tabia ya kuficha ni ileile, na nilitumaini kwamba miaka ile ilikuwa imeing'oa kati yetu.

Nimeambiwa pia, na hili liliniumiza sana, kwamba samaki waliookotwa wakielea walikaushwa kwa moshi na kupelekwa sokoni. Tusifanye hivyo tena kamwe. Samaki aliyekufa mwenyewe majini huoza upesi katika joto letu, na moshi hauondoi kila kitu kilichoingia ndani yake. Baadhi ya bakteria wa samaki huingia hata mwilini mwa mtu kupitia jeraha dogo la mkono wa mama anayempasua. Mnunuzi wa Niania anapochagua samaki wetu na kuacha wale wa barafu waliotoka mbali, anatuamini sisi kwa majina yetu. Imani hiyo ikivunjika, haitarudi kwa kushusha bei.

Na maji yaliyofunguliwa usiku yalikwenda wapi? Yaliteremka kijitoni, na kijito kile ndicho wanachokinywea watu wa chini, ndicho akina mama na ndugu zetu Wambuti wanachokizibia matope wakati wa kiangazi ili wachote samaki wadogo na kosakosa, kisha kinaingia mtoni na kuelekea mto Ituri. Tumelalamika miaka mingi, na kwa haki, juu ya wachimba dhahabu wanaogeuza mito kuwa tope. Tulikwenda hadi kwa wakubwa kusema kwamba maji hayana mwenyewe mmoja. Tumesema na watu wa hifadhi ya okapi kwamba ufugaji wetu ni msaada kwa msitu, kwa sababu kila kilo ya tilapia ni kilo moja ya nyama ya porini isiyowindwa. Tutasimamaje tena mbele yao na maneno hayo, kama sisi wenyewe tunafungulia bwawa la ugonjwa gizani?

Basi tufanye nini? Bwawa lenye ugonjwa lisifunguliwe. Lifungwe mlango wa kuingiza na wa kutoa maji, samaki wasipewe chakula siku hizo, kwa maana chakula wasichokula huozesha maji, na kila aliyekufa atolewe asubuhi na jioni na kuzikwa kwenye shimo la kina cha kiuno, mbali na maji, akifunikwa kwa chokaa au majivu. Asipewe nguruwe, asipewe bata, asitupwe vichakani kwa ajili ya kenge. Vifo vikitulia, kamati itakubaliana na mwenye bwawa siku ya kuvua wote na namna ya kutoa maji polepole kwenye shimo au shamba la migomba, si kijitoni. Kisha bwawa likauke hadi udongo upasuke, tope jeusi litolewe, na chini kumwagwe chokaa ya shamba, kilo 10 hadi 20 kwa kila ari moja. Pasipo chokaa, majivu ya kuni kwa wingi zaidi. Ni kazi ngumu, najua. Bwawa la ari tatu lahitaji mikono ya watu kumi kwa siku mbili. Ndiyo salongo iliyotuanzisha.

Wavu wetu tangu leo hautahama ukiwa na maji. Utaoshwa, utachovywa katika maji ya javel, utaoshwa tena na kuanikwa juani siku nzima kabla ya kwenda kwa mwingine, na atakayeuchukua ukiwa umelowa ajue amekataa neno la wote. Alevini wanaohama bwawa wapitishwe kwenye maji ya chumvi, kilo moja kwa lita 100, kwa muda usiozidi dakika 20, mtu akisimama hapo na kuwatazama. Wakianza kulala ubavu watolewe mara moja. Wale ambao mabwawa yao yamepangwa kama ngazi, maji ya la juu yakiingia la chini, wafikirie kuchimba mfereji wa pembeni ili kila bwawa linywe maji yake. Nasema wafikirie kwa sababu ni kazi ya msimu mzima, lakini bwawa la chini leo linakunywa kila kosa la bwawa la juu, na hili tumelijua muda mrefu tukaahirisha.

Juu ya dawa nitakuwa mkali kidogo. Nimeona maganda ya tetrasaiklini juu ya tuta. Mtu alinunua vidonge vya watu kwenye farmasi, akavifungua na kuvimwaga bwawani. Ndugu yangu, dawa hiyo ilitawanyika katika maji yote, haikumfikia samaki mgonjwa ambaye hali tena chakula, na ilichofanya ni kuwafundisha bakteria kuizoea. Siku mtoto wako atakapougua, dawa ileile haitamsaidia. Wafugaji wa kosakosa wa Asia waliijaribu njia hiyo kwa miaka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ulaya ilikuta kloramfenikoli ndani ya mizigo yao ikaifungia mlango. Wakapoteza samaki na soko pamoja. Na kwa virusi, dawa hizo hazifanyi kitu kabisa.

Najua kilichomfanya mwenzetu anyamaze, na sisemi hivi kwa kumdharau. Shule zilikuwa zimefungua, watoto wanadaiwa, kuna deni la pumba na la wavu. Alijua kwamba akipandisha kitambaa atakosa wanunuzi msimu mzima, na atakuwa peke yake. Hapo ndipo nasi tulipokosa, na mimi wa kwanza kama kiongozi wenu: tuliweka kanuni ya kumtenga mwenye ugonjwa, hatukuweka kanuni ya kumsaidia. Tulimwomba mtu ajikate mkono kwa faida yetu, nasi hatukumwandalia hata kitambaa cha kuufunga. Kwa hiyo naleta ombi mbele yenu, na naomba mlijadili kwenye mkutano wetu wa Jumamosi ijayo. Kila mwanachama, akivua, atoe ndoo moja ya alevini wazima kwa ajili ya yule ambaye bwawa lake limekaushwa. Anayepandisha kitambaa siku ya kwanza ya ugonjwa apewe mbegu kabla ya wote, achimbiwe tope na wote, na ada yake ya msimu isidaiwe. Wale watatu walionunua alevini wagonjwa bila kujua warudishiwe kwanza, hata kabla yangu.

Na wewe uliyeuza, kama macho yako yako juu ya karatasi hii, nakuita kwa upole. Hujakatwa katika orodha yetu. Njoo Jumamosi, au kama unaona aibu mbele ya watu, njoo nyumbani kwangu usiku, tukae jikoni, uniambie ugonjwa ulianza siku gani, samaki walikuwa na umri gani, mbegu ulitoa wapi, na wavu ulikwenda kwa nani baada yako. Kila jibu lako litaokoa bwawa la mtu. Wanaokutafuta kwa hasira nitazungumza nao mimi.

Vijana, msimcheke. Ninyi ndio mtakaoyarithi matuta haya, na siku moja, hata wewe uliye hodari kuliko wote, samaki wako watakufa, nawe utasimama alfajiri peke yako na kitambaa mkononi, ukitazama kushoto na kulia kama kuna mtu anayekuona. Naijua saa hiyo. Juzi nilikuta tilapia watatu wamekufa katika bwawa langu la pili, lile lililo chini ya mti wa mbula, na jana wakawa saba. Wavu ulipita kwangu pia. Nilikaa juu ya tuta muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kitambaa chekundu kimesimama pale tangu jana asubuhi. Naomba mtu yeyote asije kuazima ndoo kwangu.